Bulo iliyobaki mfukoni

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu.

Leo Mama ameanguka kwenye mashini yake ya mazoezi, akiwaonyesha wamama wa sala namna ya kukanyaga huku anavuta mikono. Munganga wa hospitali alimwambia atembee sababu ya sukari, lakini njiani watoto humcheka unene, ndiyo maana ya mashini ya nyumbani.

Miye ndiye niliyeifunga hiyo mashini jana, chuma kwa chuma.

Papa alijisifu kwa majirani, "Muachie huyu! Karatasi ya maelezo iko mu Kifaransa, na yeye anasoma."

Nilipomaliza, bulo moja ya kukazia vyuma ilibaki. Wote walikuwa wananipigia makofi. Nikaona haya kufungua upya, nikaitia mfukoni.

Leo kanyagio la kushoto likachomoka. Mama chini, kitenge kimemfunguka.

"Ee mama, weye utatuvunjia nyumba!" mmoja wa wale wamama akasema. Wakacheka.

Mama naye akacheka. Kisha, walipotoka, akaniambia polepole, "Mashini haina kosa, mwanangu. Ni huu mwili wangu. Sitaipanda tena."

Nikanyamaza. Jamani, nikanyamaza!

Nyinyi mnaosoma hapa, mngeanza kumwambia na neno gani?

Nasikia kandambili za Mama zinakuja. Siku zote huwa naficha simu hii ninayoandikia.

Leo naiacha wazi kitandani, maneno haya yakisomeka, na bulo pembeni yake.