Kosa Hili ni la Nani?

Nianze kwa kukubali: kosa lilikuwa langu, na mwanamke mwingine ndiye aliyefukuzwa kazi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu kule Migori.

Nilitoka chuo kikuu nikiwa mtu wa kubishana na kila kitu. Nilibishana na mapadri, na wahadhiri, hata na daktari aliyeniajiri katika kliniki moja ya Homa Bay niandike programu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mjini sikuwa na rafiki. Aliyekula nami mchana ni karani mmoja tu, Min Akoth, yaani Mama Akoth, mwanamke wa makamo aliyekuja na ugali na omena kwenye bakuli, akanisukumia nusu bila kuuliza kama nina njaa.

Kila asubuhi programu yangu ilifanya mambo mawili. Kwanza ilisoma diski iliyoletwa na boti kutoka Mbita. Kisha iliandika, kwenye daftari kuu ndani ya kompyuta, majina ya waliokuja kumeza dawa, wa Mbita na wa hapa kwetu. Hatua zote mbili zingeweza kushindwa kwa kosa lile lile: faili halipatikani. Kwa uvivu wangu, nikayatega makosa ya hatua zote mbili mahali pamoja, mwisho wa programu, na ujumbe mmoja tu: "Kosa la faili. Bonyeza Enter uendelee."

Diski za Mbita zilifika zimelowa mara nyingi, kwa hiyo ujumbe huo tuliuzoea.

"Nyara, binti yangu," Min Akoth aliniuliza siku moja, "hili kosa ni la nani?"

"La faili, mama. Si limeandikwa hapo?"

"Huku kwetu ukiambiwa Otieno amekuja, unafungua mlango tu? Si unauliza Otieno wuod ng'a, mtoto wa nani? Akina Otieno wamejaa."

Nikacheka. "Kompyuta haina ukoo. Ni diski ya Mbita hiyo. Wewe bonyeza Enter."

Akabonyeza. Alibonyeza wiki tatu.

Kumbe diski za wiki hizo zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyehamisha daftari kuu nikipanga kompyuta, nikasahau kuielekeza hatua ya kuandika kule lilikohamia. Hakuna jina hata moja lililoandikwa. Wagonjwa waliokuja kila siku wakasomeka kama watoro.

Mhudumu wetu wa kufuatilia watoro alipanda baiskeli mpaka Ndhiwa kugombeza watu ambao hawakuwa wamekosa hata siku moja. Mzee mmoja alimtupia kadi yake na kuapa kwamba kliniki hataikanyaga tena. Hajarudi.

Daktari akatuita. "Mashine haidanganyi," alisema. "Nani alikuwa anabonyeza?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeifungua programu na kuona kila kitu. Mimi, niliyezoea kuuliza maswali mpaka watu wakachoka, nikasema, "Labda alibonyeza bila kusoma."

Min Akoth aliniangalia, akageuka akatoka. Jumatatu meza yake ilikuwa tupu.

Kuyatenganisha yale makosa, kila hatua ikamate lake na kulitaja, hakukunichukua hata saa moja. Sikuwa na wa kumwonyesha. Karani mpya haulizi kitu, na mchana anakula kwao.

Baada ya miezi kadhaa nilimfuata Min Akoth huko Kisegi, anakouza samaki sokoni. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Huyu ni nani?" jirani yake akamwuliza.

"Huyu?" alisema, akiendelea kupara magamba. "Sijui ni wa nani."

Nikarudi Homa Bay bila kuomba msamaha.

Wewe unayeandika programu, makosa yakifanana usiyarundike pamoja. Liulize kila moja limetoka wapi. Na aliye mbele ya kompyuta akikuuliza kosa ni la nani, usimcheke. Kama ni lako, sema mapema, angali ameketi pale.