Mto Mmoja

Usiku ule Mama Pindo alishona foronya za adui yake. Kila alipomaliza mshono aliondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio upande wa korido, kana kwamba majibu ya ofisi ya uraia yangeweza kupanda ngazi gizani na kugonga mlango wake.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana hakuna mtu mtaani aliyejua kupinda suruali na mapazia kama yeye. Jina lake la ofisini lilikuwa jingine, nalo lilikuwa limekaa mezani kwa watu asiowajua tangu alipokata rufaa. Mumewe, mwokaji wa mikate, alifika nchi hii akiwa mgeni, akafanya kazi hadi akapewa uraia. Yeye aliolewa naye baadaye, akamfuata. Binti yao alizaliwa hapa hapa, raia kama baba yake. Kwa hiyo katika vyumba vile viwili mgeni alikuwa mmoja tu. Rufaa ikigonga mwamba, angefunga mizigo peke yake, na binti angebaki akisukwa nywele na shangazi yake.

Hapo kwenye shangazi ndipo alipokata uzi kwa meno. Maana shangazi huyo huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyemchimbia shimo.

Ilikuwa hivi. Kila siku mwokaji alikanda unga usiku kucha, akarudi alfajiri. Mama Pindo aliamka wakati huo huo kuanza kushona. Yeye akitoka kitandani, mume anaingia, anaweka shavu pale pale alipoacha joto la kichwa chake, anashusha pumzi, anasinzia. Mto ulikuwa mmoja. Wa pili hawakuwahi kuuhitaji. Usiku wa mapumziko, mmoja alilalia mkono wa mwenzake, na hakuna aliyelalamika.

Wifi aliishi mlango wa pili, unaotazamana na wao, na alizoea kuingia mpaka chumbani bila hodi, akiazima hiki na kile. Siku moja alisimama akakitazama kile kitanda.

"Kaka yangu kaoa mke au kaajiri mlinzi?" alisema. "Mmoja anatoka zamu, mmoja anaingia."

Walicheka wote. Mama Pindo naye alicheka, na kicheko hicho kilikuja kumuuma kuliko tusi.

Kwa sababu ofisa wa uraia alipokuja kuhakiki ndoa, bwana mwembamba asiyeachana na mwavuli hata jua likiwaka, hakujali picha za harusi wala viatu vya kiume vilivyopangwa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akainua shuka kwa ncha ya mwavuli.

"Mto mmoja," alisema. "Tumesikia humu watu wanalala kwa zamu, kama walinzi."

Mwokaji alikuwa ametolewa usingizini, unga bado uko kwenye nyusi. "Bwana, mimi nilioa mke, sikuoa mito," alijibu.

Ofisa hakucheka. Baadaye ombi likakataliwa: ndoa ina mashaka.

Mama Pindo hakupiga kelele wala hakwenda kumvaa mtu. Lile neno la walinzi alilimeza kimyakimya, akaapa kwamba na wifi yake watakula sahani moja. Mume alipotaka kununua mto wa pili, alimkatalia katakata. "Tukinunua leo tumekiri," alisema. Akakata rufaa, akaambiwa ofisa atapita tena, siku haitajwi. Mama Pindo aliendelea kumwamkia wifi na kumchekea, hata nguo zake alizipinda bure, akingoja.

Kungoja kukalipa. Wifi naye alikuwa raia wa kuandikishwa kama kaka yake, na alikuwa ameolewa na dereva wa malori kutoka nje. Sasa dereva alikuwa akiomba uraia kwa mgongo wa mkewe. Jioni ile wifi aliingia amekumbatia mito minne mipya na kitambaa cha maua.

"Wifi yangu, nishonee foronya zipendeze. Kesho asubuhi Bwana Mwavuli anakuja kwangu. Mito ya zamani nimeitupa, ilikuwa inatia aibu. Mume wangu yuko safarini mpaka mchana, kwa hiyo ofisa akikuuliza, wewe jirani sema tu unamwona, anaishi hapa."

"Namwona," alisema Mama Pindo.

"Hawa watu wanaangalia sana kitanda, wifi. Mimi nawajua."

"Umewajulia wapi?"

Wifi alijichekesha, akaanza kusifia rangi ya uzi.

Kulipopambazuka, mito minne ilikuwa imevikwa maua, imekaa kwenye kochi kama wageni wa heshima. Mwokaji aliingia akinukia hamira, akaitazama mito, kisha akamtazama mkewe.

"Mpelekee dada yangu vitu vyake, mama, ukapumzike."

"Nitampelekea."

"Nakujua. Huo ni uso wako wa kushika mkasi."

"Nenda kalale."

Alikwenda. Mara akarudi mlangoni. "Mto wa baridi," alisema.

"Ndiyo, sikulala. Uzoee. Nikirudishwa kwetu utaulalia wa baridi hivyo hivyo mpaka uzeeke."

Mwokaji akavua viatu. Akaingia chumbani, na Mama Pindo akaenda kusukuma komeo la mlango wa korido.

Haikupita muda, vidole vikagonga.

"Wifi, umeamka? Nipe mito yangu. Yule bwana amepiga simu, yuko mtaa wa nyuma."

Mama Pindo alikanyaga pedali. Cherehani ikalia bila kitambaa.

"Wifi, nakusikia. Fungua basi."

"Nitafungua. Kwanza akifika hapo mwambie ni nani alimpelekea habari za mto wangu. Ukisema, mito utapata, na shemeji nitamsemea."

"Habari gani tena? Mimi?"

"Haya, kaa hivyo hivyo."

"Wifi, una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Nimeiazima kwako, kama wewe ulivyozoea kuazima kwangu."

Ngazini kukasikika nyayo, na ncha ya mwavuli ikigonga kila kipandio. Sauti ya wifi ikageuka asali, akamkaribisha ofisa kwake. Mama Pindo aliweka sikio kwenye ubao wa mlango. Hawakukaa sana ndani.

"Mama, kitanda hakina hata mto mmoja," ofisa alisema walipotoka koridoni. "Mume hayupo. Hapa analala nani?"

"Mito iko kwa wifi yangu, anaishonea. Mume yuko safarini. Muulize, ni jirani."

Ofisa akagonga. Mama Pindo alitulia kama nguo iliyotundikwa. Hakuwahi kuonja kitu kitamu kama kimya kile. Angekaa tu hivi, na mume wa yule naye angekwenda na maji. Binti alitoka akifikicha macho, nywele timutimu.

"Mama, shangazi anagonga. Hatufungui?"

Mama Pindo akazitazama zile nywele.

"Bado," alisema.

"Ndani hakuna mtu," alisema ofisa kule nje.

"Yupo. Wifi, tafadhali. Ilikuwa utani tu."

"Utani gani?"

"Wa mto."

Utani halikuwa neno alilolikeshea. Komeo halikusogea. Sauti ya wifi ikaja tena, chini, haina asali hata chembe.

"Simu ya kumchongea wifi yangu ofisini kwenu nilipiga mimi. Nilijua kaka yangu anafanya kazi usiku, nilijua ndoa yao ni ya kweli. Nikasema ni ya kuigiza. Nilitaka aondoke, kaka yangu awe kama zamani."

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka upana wa kupita mtu mmoja mwembamba. Nyuma ya Mama Pindo, mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na mwokaji alikuwa amelala fofofo na nguo za kazi, shavu kwenye mto ule mmoja, unga kwenye nyusi. Ofisa alitazama, akauhamishia mwavuli kwapani.

"Karibu, bwana," alisema Mama Pindo. "Hayo uliyoyasikia, utayaandika?"

"Nitayaandika, mama."

"Mume wa huyu anaishi pale, nitakueleza nikimaliza. Tuanze na yangu."

Ofisa akapita. Wifi naye akatanguliza mguu, mikono ameinyoosha kuelekea kwenye kochi, kwenye mito yake ya maua.

"Wewe subiri hapo nje," alisema Mama Pindo, akafunga mlango.