Wino kwenye Dole la Baba

Mimi si mtu wa kusamehe, bora niseme mapema. Ami yangu, aliyezaliwa tumbo moja na baba, alimwibia baba akiwa maiti.

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Vitongoji. Sisi tukihangaika na sanda na kaburi, ami alibaki chumbani peke yake, eti anamsomea Yasini. Kisha tukaingia kuosha, mimi na mzee mwosha wa kijijini. Nikaona dole gumba la baba lina wino wa zambarau, mbichi. Sikuuliza. Maiti haachiwi kitu cha kuzuia maji yasifike ngozini, kwa hiyo nikasugua kwa sabuni mpaka likatakata. Nilisugua kwa mapenzi, mjinga mimi.

Arubaini ilipopita, ami akatoa hati ya hiba. Baba kampa mikarafuu yote na nyumba anayokaa mama, eti miezi miwili kabla ya kufa. Chini pana alama ya dole gumba, ya zambarau. Tukamshitaki kwa kughushi.

Mahakamani Chake Chake, wakili wake aliniuliza wino huo uko wapi.

"Niliuosha."

"Wewe mwenyewe?"

Watu wakacheka, na ami akacheka nao. Hapo ndipo nilipoapa kuwa sitalala mpaka nimwone na pingu.

Nilibakiwa na mzee mwosha, naye hataki kuja. Alichokiona mwosha kwa maiti ni siri mpaka kiyama. Nilimwendea Ijumaa tatu, nikalia, hata nikamtukana, Mungu anisamehe. Siku ya mwisho ya ushahidi akatokea mwenyewe, akaueleza ule wino. Hakimu akamuuliza mbona leo anasema.

"Aibu ya maiti naisitiri, mheshimiwa. Hino si ya maiti. Hino ya alo hai."

Ami akafungwa, mama akabaki nyumbani mwake. Lakini mama ana moyo wa ajabu. Kila mwezi humpikia shemeji yake na kunituma mimi nimpelekee jela. Majirani husema nimelainika. Waache waseme. Mimi hukaa mbele yake nikamhadithia mikarafuu ilivyozaa, matawi yanavyoinama, majamvi ya karafuu yalivyojaa uani kwetu. Hapo tonge humkwama.

"Kula, ami," humwambia. "Mama kakupikia."