Pikapu Iliyosogea Yenyewe

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nikiwa fundi mpya wa umeme wa magari mjini Kitale, Mzee Wanjala wa Kanduyi alipoingia gereji na pikapu yake. Dereva wake Ndiwa, kijana wa Kapsokwony kule mlimani, alikuwa amekalishwa nyuma pamoja na magunia. Mzee hakutaka ashike usukani tena.

"Hii gari inatembezwa nikiwa kanisani," alisema. "Naiacha hapa, naikuta pale. Nikamwaga jivu kuizunguka. Imesogea, nyayo hakuna. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wa mlimani ana dawa."

"Dawa gani, mzee? Si ufunguo unalala kwa mfuko yako?" Ndiwa alijibu.

Shuku ni kama moshi, huingia hata nyumba isiyopika. Nami nilianza kumchunguza Ndiwa vidole, kama vina grisi, na kumhoji alishinda wapi Jumapili. Jaswant, mzee wa Kisingasinga aliyenifundisha kazi, akanikatiza: "Watu umeuliza wote. Waya umeuliza?"

Akafungua boneti. Waya mwembamba unaoamsha solenoidi, yaani swichi ya stata inayozungusha injini, ulipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira, umefungwa pamoja na waya wa moto utokao kwenye betri. Bati lilikuwa limekula ngozi ya nyaya zote mbili, na injini ikipoa zilijikunja zikagusana. Na Ndiwa, kama madereva wengi wa kule milimani, huegesha gari likiwa kwenye gia, jiwe nyuma ya tairi. Jaswant akatia gia vivyo hivyo, akatusogeza kando, akatikisa nyaya kwa kijiti. Shaba ikagusa shaba, stata ikazunguka na gia ikasukuma magurudumu. Pikapu ikaruka mbele, ufunguo ukiwa mkononi mwa Mzee.

Mzee akamnyooshea Ndiwa ule ufunguo. Ndiwa hakuupokea.

"Tafuta dereva ambaye hujamwagia jivu," alisema, akachukua koti lake akaelekea stendi.

Basi, mwanangu, waya wa solenoidi au wa rilei, ile swichi ndogo ya umeme, uvishe mpira kila unapopenya bati, uutenge na waya wa moto, na fyuzi uiweke karibu na betri, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Ukisikia ati fulani karoga, shuku kwanza chuma, maji na joto. Waya utaubadilisha asubuhi moja. Mtu uliyemshuku bure huenda usimpate tena. Mola akukinge na moto usiouona, na awakinge wa nyumbani mwako na jicho lako.