Alama Yangu kwenye Gilasi

Ramadhani moja, shuleni kwetu Likoni, mwalimu wa bayolojia alitupa kesi ya kubuni: mwizi kaingia maabara, kaacha alama za vidole kwenye gilasi iliyokuwa mezani. Nilishindwa kutulia kitini. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa maji kwa siri kwa gilasi hiyohiyo.

Unga wa makaa ulipoibua alama, pacha wangu aliniona nikificha vidole vyangu, akasimama.

“Ni mimi, mwalimu.”

“Mapacha kama nyinyi hurithi karibu kila kitu sawa,” mwalimu akasema, “ila alama za vidole hutofautiana.”

Akachukua zetu kwa wino. Ile ya kwenye gilasi ikawa yangu. Darasa likapiga makofi, likidhani ni mchezo tu.

Njiani pacha wangu akauliza, “Ulikunywa?”

“Nilikunywa.”

“Basi saumu hiyo tutailipa pamoja.”

Baada ya Idi alifunga nami.