Mwalimu Nasiri na Kazi Ishirini na Mbili

Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na maswali kumi na moja, na Nasiri aliyajibu yote sawasawa isipokuwa moja. Swali la nne lilisema: Jina utakalotumia darasani. Waliotunga fomu walitaka jina litakaloonekana kwenye kioo wakati wa kozi ya mtandaoni, basi. Nasiri alielewa vingine. Alijiona amesimama mbele ya ubao, watoto wamenyanyuka kumwamkia, akajiuliza wangemwita nani. Akaandika kwa herufi kubwa: MWALIMU NASIRI.

Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Gitega, umri miaka arobaini na mitatu, na Kiswahili alikipata nyumbani kabla ya kuota meno. Kwao watu waligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Kinyarwanda walikitumia kwa mengine yote yaliyobaki. Siku aliposikia shule zinatafuta walimu wa Kiswahili, na kwamba watu wazima waliomaliza sekondari wanaweza kusomea kazi, aliiweka pasi kando akamwita mkewe, Nyiraneza, aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo kwenye meza ya mbele ya duka lao la ushonaji.

"Mama Shimwa, cheti changu cha sekondari kiko wapi?"

"Chini ya godoro. Kimekunjwa mara nne."

"Nani alikikunja?"

"Wewe. Ulisema hutakitaka tena maishani."

Cheti kikapigwa pasi, kikapelekwa, kikakubaliwa. Somo la kwanza likaja kuwa lile lile alilolihofia: Teknolojia ya Darasani, wiki sita, lote kwa njia ya mtandao. Nasiri alijua kupokea simu na kutuma picha za mishono kwa wateja. Zaidi ya hapo, Nyiraneza ndiye aliyekuwa mjuzi, maana biashara yake ya vifungo ilikuwa na wateja mpaka Kabuga ambao hajawahi kuwaona uso kwa uso.

Kozi ilitaka picha rasmi. Kwenye msumari ilikuwa inaning'inia suti ya kijivu iliyokwisha kushonwa, ya bwana harusi mmoja aliyekuwa aichukue Jumatatu. Nasiri akaivaa, Nyiraneza akampiga picha. Hakuna aliyekumbuka kuivua tepu ya kupimia shingoni. Katika picha ndogo ya duara, tepu ile ilionekana kama utepe wa heshima ambao vyuo vikuu huwavisha maprofesa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi alasiri. Nasiri aliketi dukani mbele ya kompyuta ya kuazima, suti mwilini kwa mara ya pili na ya mwisho, na nyuma yake lilisimama sanamu la kuvalishia nguo, lenye kichwa, likiwa na koti jeusi. Nyuso zikaanza kutokea kwenye kioo, moja moja, mpaka zikajaa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema binti mmoja mwenye miwani. Jina lake lilikuwa Mukunde. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyote?"

Wakajibu wote kwa pamoja, sauti zikagongana. Nasiri alifurahi. Watu wenye adabu kama hawa, alijisemea, mtu atajifunza nao vizuri.

"Na yule msaidizi wako, Mwalimu, shikamoo yake pia," akaongeza Mukunde.

Nasiri akageuka nyuma, akaona sanamu, akadhani binti anatania. "Huyo hasemi," akajibu. "Lakini anasikia."

Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Dakika kumi zikapita. Nasiri alikuwa akimngoja mkufunzi kama alivyodhani wote wanamngoja. Wao walikuwa wakimngoja yeye aanze. Kimya kilipozidi, utu uzima ukamsukuma. Mtu mzima haachi mkusanyiko ukae kama msiba. Akasema, "Basi tujuane majina wakati tunasubiri mambo yakae sawa." Wakajuana majina. Ilipofika zamu ya mzee mmoja wa Gatsata, Ndihokubwayo, midomo ilienda bila sauti. Jambo hilo Nasiri alilijua; Nyiraneza alikuwa amemfundisha jana yake.

"Mzee wangu, chini kushoto kuna alama ya kipaza sauti, ina mstari mwekundu. Iguse mara moja."

"...tangu saa tisa naongea na hawa watu, hakuna anayenijibu!" ikalipuka sauti ya mzee.

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa ndiyo teknolojia ya kwanza kufanya kazi siku hiyo, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na shaka mwalimu ni nani.

Mkufunzi wa kweli aliitwa Clovis. Kompyuta yake ilikuwa imeamua kujifanyia marekebisho saa ile ile, nayo ilikuwa imefika asilimia kumi na mbili. Akachukua simu ya mkewe, akaingia mkutanoni bila picha na bila sauti, na juu ya duara lake tupu likaandikwa jina la mkewe: Connie. Clovis alikuwa bingwa wa kompyuta; Kiswahili alikiokota njiani. Akaandika kwa haraka kwenye kisanduku cha ujumbe: "Mimi iko mwalimu ya hii kozi."

Mukunde akamjibu papo hapo. "Dada Connie, siyo 'mimi iko'. Ni 'mimi ni'. Na siyo 'ya hii kozi', ni 'wa kozi hii'. Tena tuache utani, Mwalimu anaongea."

Clovis akaandika tena. Kabla hajamaliza, simu ya mkewe ikaishiwa na bando, na Connie akatoweka kwenye kioo. Hakuna aliyemkumbuka.

Jioni ile Mukunde alifungua kundi la WhatsApp, akamweka Nasiri kuwa kiongozi wake, na hakumwongeza Connie kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Saa moja baadaye Nasiri akapokea ujumbe: "Mwalimu, kazi ya slaidi tano tukutumie lini?"

Alisoma mara tatu, kisha akampa Nyiraneza asome.

"Wanadhani wewe ndiye mwalimu," akasema mkewe.

"Kwa nini?"

Nyiraneza akamwonyesha picha yake, na jina lililoandikwa chini yake. Nasiri akakaa juu ya marundo ya vitenge.

"Andika ukweli, Baba Shimwa. Waambie mimi ni mwanafunzi kama nyinyi. Yaishe."

Akaandika maneno hayo hayo bila kupunguza wala kuongeza: "Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi kama nyinyi." Majibu yalianza kuanguka kama mvua ya Aprili. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kukutana na mwalimu mnyenyekevu hivyo. Mwingine akasema mjuzi wa kweli haachi kujifunza. Ndihokubwayo alituma sauti: "Nimeishi miaka hamsini na minane. Profesa wa kwanza kunitoa machozi ni wewe."

"Umewaambia?" akauliza Nyiraneza kutoka jikoni.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamezidi."

Asubuhi kazi zikaanza kuingia. Kozi ilimtaka kila mwanafunzi atengeneze slaidi tano za somo la dakika tano, na hadi Alhamisi Nasiri alikuwa na kazi ishirini na mbili kwenye kompyuta ya kuazima. Angeweza kuzinyamazia. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiletewa nguo yenye kasoro mikono humwasha. Kazi ya Mukunde aliifungua kwa kuchungulia tu: kila neno lilikuwa na rangi yake, herufi ziliingia zikicheza na kutoka zikibingirika. Akabonyeza, akarekodi sauti.

"Binti yangu, umelitia koti vifungo mbele na nyuma. Mwenye koti ataingilia wapi? Chagua rangi mbili. Na herufi zisimame, mtoto aliyekaa nyuma apate kuzikamata."

Mukunde alirekebisha, akatuma tena, na kazi ilikuwa imependeza kweli. Habari zikaenea. Sasa walitaka kujua mambo ambayo Nasiri mwenyewe hakuyajua: namna ya kuweka sauti ndani ya slaidi, namna ya kutunga maswali ambayo mtoto akijibu kompyuta inasahihisha yenyewe. Kila swali lilipoingia alisema, "Nipe muda kidogo, nitakujibu vizuri," kisha akafungua video za kozi akazitazama huku akishona pindo, akirudia mpaka Nyiraneza naye akazijua kwa moyo. Alishona sketi moja ya shule mfuko ukiwa kwa ndani. Mzee Ndihokubwayo peke yake alimpigia simu mara tisa, ya tisa akiomba radhi kwa zile nane.

Jumamosi ya pili, saa tisa kamili, uso mpya ukatokea kwenye mkutano: mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, macho mekundu ya kukosa usingizi. Chini yake liliandikwa: Clovis.

"Karibu, ndugu Clovis," akasema Mukunde. "Umechelewa kujiunga, lakini usijali. Mwalimu ana subira."

"Mwalimu gani?" akauliza Clovis. "Mimi ndiyo mwalimu."

"Huyu ni wa pili sasa kusema hivyo," ikasikika sauti ya mzee Ndihokubwayo, ambaye siku hizi hakuwa akisahau kuwasha kipaza sauti, ila kukizima.

"Yule wa kwanza ilikuwa mimi!" Clovis akapandisha sauti. "Connie ni bibi yangu. Simu ilikuwa ya bibi yangu. Wiki mzima nangoja kazi zenu kule kwenye tovuti ya kozi. Iko sifuri! Hakuna mtu moja alituma!"

"Tulituma zote," akasema Mukunde, sauti imepungua. "Kwa Mwalimu Nasiri."

Nasiri, aliyekuwa amevaa shati lake la kawaida na tepu shingoni, alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuzima kamera. Kidole kikateleza, kikagusa alama ya jirani. Badala ya kutoweka yeye, kioo cha kompyuta yake kikafunguka mbele ya darasa zima: mafaili ishirini na mawili yamepangwa kwa majina, na kando ya kila jina maelezo aliyoyaandika mwenyewe. Ndihokubwayo, sauti ya ndege iko juu mno. Vestine, somo ni zuri, maswali yafupishwe. Mukunde, sasa limekaa mwilini.

Clovis aliinama, akasoma jina baada ya jina. Nasiri akabonyeza kila alichokiona, kioo hakikufungika.

"Ndugu mkufunzi," akasema mwishowe, "mimi ni fundi wa nguo, niko Gitega. Jina nililiandika vibaya kwenye fomu. Nilipojua wanavyodhani niliwaambia, lakini..."

"Alituambia," akakatiza mzee Ndihokubwayo. "Kosa ni letu. Alisema kweli, tukamsifia."

"Na yule msaidizi?" akauliza Mukunde.

Nasiri akanyoosha mkono nyuma, akalivua sanamu koti. Mukunde akaziba uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na baada yake darasa zima likaanguka kicheko. Clovis alijikaza kwa muda, akashindwa. Kisha akakumbuka alikuwa na hasira, akajifuta macho.

"Sawa. Kazi nimeziona. Mtaziweka zote kwenye kozi leo." Akahesabu tena kwa kidole. "Lakini hapa iko ishirini na mbili. Nyinyi muko ishirini na tatu. Kazi ya Nasiri iko wapi?"

Katika wiki ile Nasiri alikuwa amezipima kazi za watu, amezifumua na kuzirekebisha, na yake mwenyewe hakuikata hata kipande. Muda wa kuituma ulikuwa umepita jana yake saa sita mchana.

"Haipo," akasema.

Clovis alimpa mpaka Jumatatu. Jumapili duka lilifungwa, na Nyiraneza akakalishwa kwenye kigoda awe mwanafunzi wa somo la ngeli, mumewe akimrekodi na kumwonyesha slaidi za mashati na vifungo. Nasiri alifikiri ni igizo. Nyiraneza hakufikiri hivyo.

"Kama kifungo huwa vifungo, kwa nini shati haliwi vishati?"

"Vishati pia vipo, ni mashati madogo. Tuendelee, Mama Shimwa, ni dakika tano tu."

"Madogo kiasi gani?"

Somo lilichukua dakika kumi na nne. Nasiri hakuwa na moyo wa kulikata, kwa sababu maswali yalikuwa mazuri. Clovis alimpa alama sitini na moja kwa mia. Mukunde alipata themanini na nne, na mzee Ndihokubwayo sabini na nane, akapiga simu kuuliza kama kuna makosa. Nasiri naye alimwandikia mkufunzi kuuliza kulikoni. Jibu lilikuwa fupi: "Dakika. Muda ulipita sana." Hakubishana, mteja akitaka kaptura humshonei suruali.

Mwezi mmoja baadaye, kozi ilipokwisha, alipelekwa kufanya mazoezi katika shule moja ya sekondari, akafundisha asubuhi na kushona mchana. Projekta ya shule ilikuwa nzima, lakini imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Wiki tatu Nasiri alifundisha kwa chaki, akirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wiki ya nne ufunguo ukarudi. Akawasha, taa ikapiga ukutani, wanafunzi arobaini na wawili wakainua vichwa kutazama.

"Mwalimu," akasema msichana mmoja wa nyuma, "picha iko kichwa chini."

Kweli, kifungo cha slaidi yake ya kwanza kilikuwa kimening'inia juu na maneno yamelala kifudifudi. Nasiri alitafuta alama ya kuligeuza jambo hilo, juu, kando, nyuma, hakuiona, na kwenye kozi haikuwamo. Akaishika projekta yenyewe, akaipindua miguu juu, akaiegemeza kwenye madaftari mawili. Picha ikasimama.

"Haya," akasema. "Nani atanisomea mstari wa kwanza?"