Picha Moja Iliyobaki Kwenye Mkanda

Kila harusi mnaniuliza kwa nini kamera ikitokea tu mimi najitia naenda chooni, na mnacheka, na mimi nacheka nanyi, lakini leo nitasema, maana nimeshazeeka na aibu hii nimeibeba peke yangu muda mrefu mno. Na wewe Khamis, sogea karibu, usikie vizuri, maana marehemu baba yako Bakari naye yumo. Ninachoomba msinikodolee macho nikiwa nasema.

Zama zile nilikuwa fundi cherehani pale mjini Mkoani, kijana, nywele nimezipasua njia (siku hizi hakuna cha kupasua), na nilikuwa na kamera. Kamera ya kisanduku, nyeusi, niliinunua kwa karani mmoja wa Kigoa aliyekuwa anahamishwa, na katika rika langu hapakuwa na mwengine mwenye kitu kama kile, basi hebu fikirini kiburi nilichokuwa nacho. Ile si kama hizi zenu, huiweki jichoni. Unaishika tumboni, unainama, unachungulia kijioo kidogo juu yake, na yule unayempiga unamwona humo mdogo kama sisimizi. Ukishabonyeza unazungusha mkanda, na mkanda mmoja ni picha nane, basi. Ukimaliza unaupeleka Unguja kwa meli, kwa mwenye duka la picha, kisha unangoja.

Ugonjwa wangu mimi lakini haukuwa picha, ulikuwa watu wakubwa. Sipigi miti, sipigi bahari, sipigi hata mama yangu (na alikuwa akiniomba), nataka mtu mwenye jina. Akishuka msomaji mashuhuri wa Kurani, nipo. Akija bibi wa taarabu kutoka Unguja, nipo, na huyo nilimkata kichwa, nikapata gauni na mkufu tu. Golikipa niliyekuwa nikimpenda kuliko ndugu zangu alitoka kama moshi. Alipopita Sultani nilipigana vikumbo na watu tangu asubuhi, nikaambulia tairi la nyuma la gari lake na mgongo wa askari. Zote nilizibandika kwenye daftari, na mteja akija kupimwa kanzu lazima alitazame kwanza, apende asipende.

Sasa, zile zilikuwa siku za siasa. Nyinyi wadogo mnasikia tu. Kijiji hiki upande huu, kijiji kile upande ule, na watu walisusiana, na kususiwa si kununiwa. Kususiwa ni kwamba ukitoa salamu haijibiwi, ukifiwa unachimba kaburi wewe na wanao, na ukifanya harusi unakula peke yako. Kijijini kwetu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Mkoani, sote tulikuwa upande mmoja, na baba yangu, Mzee Kombo, ndiye aliyekuwa akifungua mikutano yetu kwa dua. Majina ya vyama siyataji, wala hayana faida tena.

Upande wa pili kulikuwa na bwana mmoja, msemaji wao mkubwa, ambaye mimi kimoyomoyo nilimpenda. Nasema kweli yangu. Akihutubia Mkoani nilikuwa nasimamisha cherehani, najitia natunga uzi kwenye sindano, na sindano yenyewe inatungwa saa nzima, kumbe nasikiliza. Alikuwa akitutukana sisi, lakini kwa Kiswahili kitamu mpaka unatamani akutukane tena. Na picha yake sikuwa nayo.

Ilibaki kama wiki tatu harusi ya dada yangu Mize. Mimi na baba tulishuka gatini kupokea mchele na samli ya harusi iliyokuja na meli, na mimi kamera yangu shingoni kama kawaida. Kwenye mkanda ilikuwa imebaki picha moja. Meli inarudi Unguja alasiri ileile, na nilikuwa na rafiki baharia wa kunichukulia, basi nikiumaliza mkanda siku hiyo picha zitarudi kabla ya harusi, na mkanda mpya nitaletewa wa kumpigia dada yangu. Nikiupeleka vilevile, picha ile moja inakufa bure. Mtu mwenye akili angeiacha ife. Mimi nikaangaza macho huku na huku kutafuta cha kupiga, na nani anashuka kwenye meli? Bwana yule.

Wafuasi wake walikuwa wanamngoja nje ya lango la bandari, kwa hiyo pale gatini alikuwa na watu wawili tu. Na mimi ninajua mtu anayetembea anatoka moshi, nimeshaonja kwa golikipa, kwa hiyo nilitaka asimame, na mkubwa kama yule hasimami kwa kijana mwenye kisanduku ila apewe sababu. Nikamtazama baba. Amesimama kando ya magunia, ndevu zake nyeupe, kanzu niliyomshonea mwenyewe, mzee wa kupendeza. Nikamkimbilia bwana yule, nikamnong'oneza.

"Bwana, yule mzee pale ni baba yangu. Anakupenda sana, ila kwetu anaogopa kusema. Ukimpa mkono tu, utakuwa umempa dunia."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Yalinitoka mepesi kabisa, kama mtu anayemdanganya mteja kwamba kanzu yake itakuwa tayari kesho.

Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa baba, mikono miwili mbele, akasema asalaam alaykum mzee wangu. Na baba, mtu wa swala tano, angefanya nini? Alijibu salamu, akatoa mkono, bwana yule akaushika kwa mikono yake yote miwili akacheka, na baba akatabasamu kwa haya. Nikainama. Nikabonyeza.

Tukiwa njiani baba akasema bwana yule adabu anayo, lakini kanijuaje miye, katika watu wote wale? Nikamwambia sijui, baba, labda ndevu. Akanitazama kidogo, tukaendelea na magunia yetu.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyomwadhiri mtu. Katika picha zote nilizopiga maishani, zilizokatwa vichwa na zilizotoka moshi, moja tu ilitoka nzuri, na ni ile. Safi, nyuso mbili zinang'ara, mikono imeshikana katikati, nyuma inaonekana meli. Mwenye duka la picha kule Unguja akaipenda, akaikuza ikawa kubwa kama sinia, akaitia kwenye kioo cha duka lake kinachotazama barabara, wala hakuniuliza. Na kama angeniuliza, ningefurahi. Msiba ndio huo, ningefurahi.

Wiki ileile Bakari, jirani yetu na sahibu wa baba tangu utotoni, alikuwa amekwenda Unguja kutazamwa macho. Aliona vizuri tu. Aliporudi hakupita kwetu, alikwenda barazani pa msikiti, na kabla bahasha ya picha haijanifikia mimi, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Mzee Kombo, anayetuombea dua, ameonekana Unguja ndani ya kioo ameshikana mikono na adui, wanacheka.

Wazee wakamwita palepale barazani baada ya swala ya alasiri, na mimi nikafuatana naye. Baba akaeleza, kwa utulivu, kwamba alipewa salamu akajibu, na kujibu salamu ni wajibu, basi. Wengine wakaanza kulainika. Lakini Bakari hakuwa mjinga. Akasema salamu sawa, Kombo, lakini bwana yule hakujui, na gati ilikuwa imejaa watu, akakufuata weye tu, mikono miwili, kama mtu na mtu wake. Nani kamwambia?

Baba akanigeukia. "Faki alikuwapo. Faki, sema."

Ilikuwa kazi ya maneno sita. Mimi nilimdanganya kwa ajili ya picha. Wangenicheka, wangenitukana, pengine ningechapwa bakora, na jambo lingeishia hapo, maana baba hakuwa na kosa na kila mtu alitaka asiwe nalo. Nikatazama zile nyuso, wateja wangu wote wale, kila mmoja amevaa kanzu niliyoishona mimi, nikafikiri watasema Faki ana mapenzi na upande wa pili, na ndiyo kweli yenyewe.

"Sijui, baba. Nilikuwa nimeinamia kamera."

Baba alitikisa kichwa taratibu, akavaa viatu vyake, tukarudi nyumbani. Tangu siku ile salamu yake haikujibiwa.

Mama alisema watalegea, harusi ni harusi, watu watakuja. Siku moja kabla, wanawake wa kijiji huja asubuhi kuchagua mchele na kutwanga bizari, huimba, hutaniana, nyumba haina pa kukanyaga. Hakuja hata mmoja. Tulimngoja mtu mpaka adhuhuri, kisha mama akavuta ungo, na Mize, bibi harusi, hina mikononi haijakauka vizuri, akatoka chumbani akakaa kitako akachagua mchele wa harusi yake mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akaniambia niache. Hakuwa anajua kitu, alisema hivyo tu kwa kuchoka, lakini mimi nilitoka nje nikashindwa kurudi.

Siku ya harusi tulitandika majamvi uwanja mzima. Bwana harusi alikuja, namshukuru mpaka leo, lakini alikuja na baba yake na watu watatu tu, wakafunga ndoa haraka haraka, wakanywa kahawa nusu kikombe, wakasema wana safari. Bibi harusi akaondoka bila kigelegele, ila cha mama, na hicho kilimkatikia kooni. Nyuma yao tukabaki na masinia ya biriani, yamefunikwa kawa, yamepangwa mistari juu ya majamvi, na njiani watu wanapita, wanasikia harufu, wanatazama mbele.

Baba akatoka, kanzu yake ileile ya gatini, akaenda kukaa katikati ya majamvi matupu. Akaniita.

"Lete kamera yako."

Nikasema baba, si leo.

"Weye si hupiga picha watu wakubwa? Miye sasa nna jina mpaka Unguja. Nipige."

Nikaileta. Mkanda mpya ulikuwamo, picha nane zote za harusi, sijapiga hata moja. Nikainama, nikamwona kwenye kijioo, mdogo, peke yake, masinia yamemzunguka. Na nikiwa nimeinama vilevile nikasikia sauti yake, ya chini, si ya hasira.

"Faki, ulimwambia nini bwana yule?"

Sikuinua kichwa. Nilimwambia yote, neno kwa neno, huku nakitazama kijioo, na kijioo kimejaa maji ya macho yangu mpaka simwoni tena.

"Nilikuona ukimnong'oneza," akasema. "Siku ile barazani nilikuwa nakungoja weye tu. Ningalisema miye, wangalikususia weye, na weye bado hujaoa. Haya, bonyeza."

Nikabonyeza. Picha ile haikutoka kitu, mkono ulitetemeka, ni weupe wa kanzu tu. Siku ileile nilitaka kwenda kwa Bakari kusema, baba akanikataza, akasema biriani imeshapoa, utampa nani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kukatazwa. Baba aliishi miaka miwili mingine akitoa salamu kila asubuhi msikitini, kwa sauti, hakuacha hata siku moja, na hakujibiwa. Bakari alikuja mwishowe. Alikuja siku ambayo baba alikuwa amelazwa, ulimi umeshafungwa, akasimama mlangoni akatoa salamu, na mara hii baba ndiye aliyeshindwa kujibu.

Daftari nililitia motoni jikoni, kurasa zote, na kamera nilimpa mtu wa Wete, na tangu hapo sijashika nyingine wala sitashika. Wajukuu wangu wakinipa simu zao niwapige nawaambia mikono inatetemeka, wanadhani ni uzee. Kumsifu mkubwa pia nimeacha, hata akiwa anastahili. Lakini hayo ni yangu. Wewe Khamis ndiye niliyekuwa nakutaka leo. Ukifika nyumbani waambie ndugu zako wote, waliosikia hadithi nyengine kwa baba yenu: Mzee Kombo alijibu salamu tu. Aliyesema uongo ni mimi.